Jina la Hudhaifa: lina watu huko muliko, na mwalitamkaje?

Bi Mkunga, Wete

Assalaam alaykum, wanangu na wajukuu zangu.

Nina suala la jina. Mwanangu wa mwisho yuko Maskati kwa kazi, mkewe kaja kujifungulia kwangu hapa Wete, na Jumapili alfajiri kapata mtoto wa kiume. Mama na mwana wazima, alhamdulillahi. Siku ya saba inaangukia Jumamosi. Baba mtu keshapiga simu, keshasema: mtoto ataitwa Hudhaifa, na hilo halina mjadala. Sawa. Kwake halina mjadala, mie mjadala nimeuleta kwenu.

Kwanza mumjue anayeuliza. Mie ni mkunga mstaafu. Nimezalisha tangu siku za kandili, na baadaye nikakaa miaka mingi kwenye dirisha la kliniki ya watoto, penye mizani na chanjo. Mtoto akizaliwa, kadi yake huandikwa "mtoto wa Fatma" au "mtoto wa Bimkubwa", basi. Jina lenyewe huja akiletwa kliniki, siku ya saba ishapita. Kwa hiyo majina ya watoto wa huku nimeyaandika kwa mkono wangu, na mitindo yake naijua kuliko mitindo ya kanga.

Nilipoanza kazi, mtoto wa kiume wa Pemba alikuwa Hamad, Faki, Kombo, Khamis, Juma, Shaame, Omar, Bakari au Makame. Ukishawamaliza hao unarudi kwa Hamad. Iko asubuhi niliita "Hamad!" wakanyanyuka akina mama watatu kwenye benchi moja. Nikaita "Hamad Kombo!" wakabaki wawili. Ikabidi niende mpaka kwa babu. Halafu zikaingia kaseti za Kurani na madishi ya televisheni, nikaanza kuandika Sudeis, Ayman, Muadh, Anas, na kabla tu sijastaafu ikawa kila kadi ni Rayyan au Arham. Ukimuuliza mama maana yake, anakwambia, "Tamu tu, bibi." Sina neno. Hata Kombo nalo hakuna aliyekuwa akiuliza maana.

Lakini Hudhaifa? Nimeliandika mara za kuhesabika, na mmoja katika hao baba yake alirudi na kadi wiki ya pili, kaja kuniomba nifute niandike Abdalla.

Sasa tangu Jumapili nimekuwa nikilijaribu kwa watu. Jirani yangu, mwiko ungali kwenye sufuria ya uji wa mzazi, akaniuliza, "Hudhaifa? Kwani hudhoofika nini?" Mwenye duka, nilipokwenda kununua pilipili manga, akanipa hongera ya mjukuu wa kike. Nikamwambia wa kiume. Akasema, "Mbona jina la akina Latifa, Sharifa, Hanifa?" Na kaka yangu, ambaye ndiye mzee wetu wa nyumba na ndiye atakayelitangaza jina Jumamosi mbele ya watu, meno ya mbele hana. Hiyo dh yataka ulimi upate meno ya kuegemea. Kinywani mwake linatoka Hulaifa.

Ndani ya nyumba nako hatuko pamoja. Mwanangu kwenye simu anasema Hudheifa, ile h kaichota kooni. Mkewe, mtu wa Tanga, anasema Huzaifa, z kavu kabisa. Mie nalisema Hudhaifa, kila herufi na haki yake. Mtoto hajatimiza wiki na majina anayo matatu.

Basi naomba munambie. Huko muliko, Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, jina hili lina watu? Mwalitamkaje, na mwaliandikaje? Na aliyekua nalo, skuli hawakumtesa?

Naweka wazi na hili, musije mukasema bibi kaficha: jina nililolitaka mie ni Faki, la marehemu mume wangu.

Mkojani

Shikamoo bibi, na hongera sana. Mimi mtu wa Kojani, kazi yangu bahari, na Hudhaifa sijapata kuwa naye chomboni hata siku moja. Akina Hamad tunao wa kukopesha.

Nakupa hoja ya kibaharia. Jina huitwa kwenye upepo. Nahodha akipiga "Faki!" mtu keshajua kamba ipi. Sasa mwache aite Hu-dha-i-fa. Mpaka afike kwenye "fa", maji yashaingia. Huyo tukimchukua dago, kambi ya uvuvi, siku ya mwanzo atakuwa Hudha, siku ya pili atakuwa Dha, na ya tatu atapewa jina jengine kabisa ambalo hapa siliandiki. Mpe Faki, bibi. Jina la mtu mwenye haraka zake.

Mwalimu wa Mwanakwerekwe

Bibi, nakuamkia. Mimi nasomesha madarasa ya chini hapa mjini, Unguja. Jina lipo, ila halijajaa. Mwaka huu darasani kwangu nina Hudhaifa mmoja, amezungukwa na akina Rayyan kila upande. Naona linakuja taratibu kwa njia ileile lililokuja Muadh: wazazi wanataka jina la sahaba, lakini hawataki lile ambalo mtoto wa jirani analo. Omar, Ali na Othman wamejaa, basi wanashuka chini ya orodha wanamkuta Ubada, Khuzaima, Hudhaifa.

Kuhusu matamshi, watoto wadogo dh huwachelewa. Darasa la kwanza nusu yao wanasema "zahabu" na "damana", na huyo mwenzao wanamwita Huzefa. Wakifika darasa la tatu ulimi umeshakaa, wanalisema vizuri kuliko wazazi wao. Sijaona likimsumbua mtoto mwenyewe. Wanaosumbuka ni wageni wanaokuja kusoma orodha: wakifika kwenye hilo jina husita, hukohoa kidogo, kisha huita namba.

Halafu, bibi, kwa watu wa mjini hapa si jina geni hata kidogo. Mabohora wanalo kwa wingi, ila wao husema na huandika Huzefa au Huzaifa, kwa sababu Wahindi hiyo herufi huitoa z. Ukipita maduka ya mjini ukasikia Huzefa anaitwa, ujue huyo ni wajina wa mjukuu wako.

Na samahani kwa kuuliza. Wewe umesema marehemu babu yake ni Faki. Basi kwenye daftari langu la mahudhurio, ambako naandika majina matatu, Faki si yumo tayari?

Bi Mkunga, Wete

Mwalimu, ahsante, Mungu akuzidishie. Yumo, ndiyo. Hudhaifa Khatib Faki. Najua yumo. Lakini yumo mwisho wa foleni, na mtu wa tatu kwenye foleni haitwi kuja kula. Mie nataka niite "Faki!" ukumbini na mtu aitikie.

Mkojani, maneno yako nimeyasoma kwa sauti hapa barazani, wamecheka mpaka mzazi kashika tumbo, nikamkataza kucheka maana mishono bado mibichi. Lakini huyu baharini haendi. Baba yake boti ya Mkoani tu humlaza sakafuni.

Ninachosubiri mie ni mtu wa chuoni aje aniambie hiyo dh ni dh gani. Ikiwa ni ya dhaifu kweli, nitasimama na Jumamosi hatangazwi mtu.

Maalim, Kengeja

Waalaykum salaam warahmatullah. Bi Mkunga, si ya dhaifu. Mpikie mzazi uji kwa amani.

Sisi Waswahili tuna dh moja. Waarabu wana herufi tatu, na sisi tumezimimina zote humo. Iko dhali, ndiyo ya dhahabu, dhikri, adhana, idhini, Muadh na Mundhir. Iko dhadi, ndiyo ya dhaifu, dhiki, ardhi, kadhi na Ramadhani. Na iko dha nzito, ya dhuluma, dhahiri, adhuhuri, nadhifu. Hudhaifa ni dhali. Jirani yako akikuuliza tena hudhoofika nini, mwambie jina hili limekaa nyumba moja na dhahabu na adhana, na dhaifu anakaa mtaa mwengine na kadhi. (Dhambi nayo ni dhali, lakini hilo si lazima umwambie.)

Kulitamka: ncha ya ulimi iguse meno ya juu ya mbele, ulimi uwe mwembamba, pumzi ipite. Usiukaze ubavu wa ulimi kwenye magego, maana hapo ushahamia kwenye dhadi na jirani atakuwa na haki yake. Kaka yako asiye na meno ana udhuru, na udhuru nao ni dhali, kwa hiyo maskini hata huo hawezi kuutaja.

Ile h ni ya Hamad, siyo ya Harun. Sote tunaandika h moja lakini chuoni tulifundishwa mbili, moja ya katikati ya koo na moja ya chini kabisa inayotoka kwa pumzi tu. Wapemba kwa wingi wa akina Hamad tulionao tungekuwa mabingwa wa hii ya mwanzo, lakini wengi tumeilegeza.

Sasa kwenye "ai" ndiko kwenye suala. Kwa Kiarabu si a halafu i, ni sauti moja inayoteleza, ileile ya Zubeir, Suleiman na Suheil. Mwanao anaposema Hudheifa ndiye aliye karibu zaidi na asili. Sisi tukiona "ai" tunaikata mara mbili, ndiyo maana Mkojani kapata silabi nne. Ni tatu: hu, dhai, fa. Litamke hivyo na nahodha wake atamaliza kuita kabla ya maji kuingia.

Umbo la jina ni umbo la kudogosha, lile linalomtoa Husein kwa Hassan. Wanalugha hulirudisha kwenye hadhaf, kondoo wadogo. Na hiyo a ya mwisho isiwatishe, si ya kike. Mwenye duka umuulize Hamza ni mwanamke? Talha? Usama? Ubada? Watu wa vita wote hao.

Na mwenye jina mwenyewe si wa kupita hivi hivi. Hudhaifa bin al-Yaman. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, usiku wa upepo na baridi, Mtume (S.A.W.) alimtuma aingie katikati ya kambi ya maadui alete habari. Akaingia gizani, akakaa miongoni mwao. Abu Sufyan, mkubwa wa maadui, akasema kila mtu amtazame aliye ubavuni pake, maana alihofia wapelelezi. Hudhaifa hakungoja kuulizwa. Akamshika mkono aliyekaa karibu naye akamwahi: wewe nani? Yule akajitaja, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza yeye. Mimi kila nikiwasimulia wanafunzi hapo wanapiga makofi. Ndiye pia aliyeambiwa siri ya majina ya wanafiki, na hata Sayyidna Omar alikuwa akimwangalia yeye kwanza kabla ya kumsalia maiti anayemtilia shaka.

Na la mwisho mnalolipenda watu wa matamshi. Enzi za Sayyidna Othman, Hudhaifa alikuwa na majeshi ya Sham na Iraki huko Armenia na Azabajani, akawasikia wanakhitilafiana katika kusoma Kurani. Akarudi Madina mbio kumwambia khalifa awahi kabla watu hawajagawanyika, na hapo ndipo misahafu ikaandikwa upya na kupelekwa kila upande. Mtu huyo leo jina lake Waturuki wanaandika Huzeyfe, Waindonesia Hudzaifah, Wasomali Xudayfa, hiyo x yao ndiyo h ya kooni. Kwenu Wete mnazo tatu chini ya paa moja.

Hudhaifa, zamani Mkoani, sasa Temeke

Hodi jamani. Mimi ni Hudhaifa mwenyewe, mzaliwa wa Mkoani, fundi umeme Dar es Salaam. Maneno haya nimeyasoma nikiwa juu ya paa la mtu, nimeshuka kusudi nijibu.

Bibi, umeuliza kama skuli walinitesa. Walinitesa, sitakudanganya. Nilikuwa golikipa, na kila mpira ukinipita ilikuwa "Udhaifu huo!" kutoka kila pembe ya kiwanja. Mwalimu akanitoa golini akaniweka beki, na beki huwa haulizwi jina lake, huogopwa tu. Kuanzia hapo nikawa Hudhe, na Hudhe nimebaki kwa wote niliosoma nao. Lakini nikuoneshe upande wa pili. Akina Hamad wa darasani kwetu walikuwa wengi, na ilibidi wapambanuliwe. Mmoja akaitwa Hamad Mdomo, mmoja Hamad Mbuzi, na mwengine jina lake lilitokana na siku alipougua tumbo darasani, na mpaka leo ana watoto wanne bado tunamwita hivyo. Mimi hakuna aliyehitaji kunipachika kitu ili anijue.

Huku bara ni Huzaifa, moja kwa moja. Zamani nilikuwa nikiwarekebisha. Siku hizi namrekebisha mtu akiwa tutafanya kazi pamoja muda mrefu, mteja wa siku moja namwacha. Kwenye simu zao nimo Uzaifa Fundi, nimo Huzefa Umeme, na yuko mama mmoja wa Mbagala kaniandika Josefa. Kasheshe ni wakati wa kulipa. Akitaka kunitumia pesa kwa simu, jina linatokea HUDHAIFA, anasita, ananipigia: "Fundi, imekuja Hudhaifa, ndiye wewe au nimekosea namba?" Nawaambia ndiye mimi, tuma tu.

Sasa la maana kuliko yote, bibi, na hili ulishike. Cheti changu cha kuzaliwa ni Hudhaifa. Cheti cha kidato cha nne ni Huzaifa, kwa sababu aliyeandika orodha aliandika alichokisikia. Nilipokwenda kuomba kazi ya kwanza nikaambiwa hawa ni watu wawili. Nikaenda kwa wakili, nikalipa, nikaapa kwamba Hudhaifa na Huzaifa wote ni mimi na hakuna mwengine. Hicho kiapo natembea nacho kwenye bahasha na vyeti vyangu mpaka leo. Kwa hiyo mkienda kuandikisha msitamke. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpeni mwandishi karatasi, mkae kimya, kisha msome alichokiandika kabla hajapiga muhuri. Fanyeni hivyo kliniki, skuli, mpaka kwenye kitambulisho. Hudhaifa au Hudheifa, chagueni moja, lakini liwe lilelile kila pahala.

Jina lenyewe nalipenda. Wa kwangu wa kiume nimemwita Talha, lakini hilo ni shauri la mama yake.

Mtu wa Wete, Maskati

Shikamoo mama. Nimeletewa maneno haya na shemeji, akanambia "soma, unasengenywa na Pemba nzima."

Mie ndiye Khatib, baba mtoto. Kwanza, sikusema halina mjadala kwa kiburi. Salio lilikuwa linaisha.

Pili, hukuniuliza kwa nini. Nilipofika huku, ile kazi niliyoahidiwa nilikuta haipo, na aliyeniahidi hapokei simu. Nikawa sina pa kulala. Katika msikiti mmoja Ruwi nikajuana na dereva wa lori, Msudani, akanichukua chumbani kwake. Chumba cha vitanda vinne, wao wakiwa wanne. Yeye akatandika chini akanipa kitanda. Nikakaa naye Ramadhani yote na mfunguo mosi mpaka nikapata kazi niliyo nayo sasa. Futari alikuwa akipika yeye, na senti yangu hakuishika. Anaitwa Hudhaifa. Sikukwambia wakati ule, maana kila ukipiga ulikuwa unanambia rudi, na ningekwambia hayo ungekuja kunichukua mwenyewe.

Sasa Maalim atanisamehe. Huyo mwenyewe, Mwarabu wa kuzaliwa, anajiita Huzeifa. Nikamuuliza mbona huitii dhali, akacheka, akasema dhali ipo, anaiweka kwa ajili ya Kurani. Kwao mtaani wanaongea hivyo, na Wamisri tulio nao hapa kazini nao ni z tupu. Waomani ndio wanaoitoa sawasawa, na hii Hudheifa yangu nimeiokota kwao. Kwa hiyo mama, mke wangu akisema Huzaifa usimgombeze, ana wenzake kutoka Khartoum mpaka Cairo.

Nimemwambia Msudani nimempa mtoto jina lake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mtoto ana uzito gani.

Bi Mkunga, Wete

Wewe Khatib. Mtoto ana kilo tatu na robo, mwambie. Na hayo mengine ya kulala msikitini tutazungumza kwenye simu, si hapa mbele za watu. Weka salio la kutosha.

Wanangu, nimewasikia, na nimeshukuru. Jina litabaki. Litaandikwa HUDHAIFA, kwa a na i, wala si kwa ajili ya Kiarabu cha mtu. Mkazamwanangu keshaliandika hivyo kwenye kadi kwa wino, na maneno ya fundi wa Temeke yamenitisha. Karatasi ya herufi kubwa nshaiandika, iko ndani ya msahafu, na nitakwenda nayo kuandikisha mie mwenyewe, maana karani akikosea mie nitaona tangu anapoinamisha kalamu. Kazi hiyo nimeifanya.

Jumamosi atakayelitangaza ni maalim wa msikiti wetu. Kaka yangu nimempa kusoma dua, karidhika, au kajifanya karidhika. Mkazamwana yuko mikononi mwangu mpaka arubaini, hiyo dh nitamfundisha wakati wa kumkanda, hana pa kukimbilia. Akitoka hapa bado anasema z, ni ya Khartoum, basi, sitasema kitu. Jirani nimemwambia habari ya dhahabu na adhana. Akafikiri, akasema, "Na dhambi je?" Maalim, mwanamke huyu nakutumia chuoni.

Na mie ndani ya nyumba yangu nitamwita Faki. Jina la cheti wanalo wao, la ukumbini ninalo mie. Asiyependa aje amuogeshe yeye saa kumi na moja alfajiri.

Sasa nina shida nyengine. Natafuta mbuzi wawili wa akika, wazima, waliotimia umri, wasio na ila ya jicho wala ya mguu. Mwenye nao Konde au Micheweni aniandikie faragha leo kabla ya magharibi, na asinipandishie bei kwa kuwa kasoma hapa kwamba baba mtoto yuko Maskati.